Tupeane uzoefu: ni mnyama gani aliyekuletea utulivu wa akili?

Mleta mada, Tabata:
Ndugu zangu, hapa Dar es Salaam mbwa huhesabiwa kuwa mlinzi na paka kuwa mwinda panya, na ni wachache wanaokiri kwamba mnyama huyo huyo ndiye anayewaliwaza. Mama yangu alipofiwa na mzee alikuwa akijifungia chumbani hadi mchana, na maneno yetu watoto hayakumwingia. Aliyemwinua ni paka mzee wa jirani aliyehamia kwetu, ambaye kila alfajiri alilia mlangoni akidai dagaa mchele wake. Paka mdogo angemchosha kwa kuparamia mapazia, lakini huyu alikwisha tulia, hulala juu ya kanga pembeni yake, na mama humsimulia bei za sokoni na habari za wajukuu. Naomba kila mwenye uzoefu aeleze mnyama wake na kwa nini waliendana.

Mchangiaji, Mbagala:
Mimi ni dereva wa usiku, hivyo mbwa nisingemtendea haki. Ninafuga njiwa. Asubuhi nikisha wamwagia mtama, ninakaa kwenye kigoda nikimtazama dume akivimbisha shingo na kumzunguka jike, na hasira zote za Barabara ya Kilwa hunitoka.

Mchangiaji, Kimara:
Ninatibiwa sonona, na daktari alinisisitizia kutembea kila siku, jambo ambalo sikuliweza hadi nilipopata mbwa mpole asiyekubali kubaki ndani jioni. Majirani walioanza kwa kuuliza jina lake ndio ninaozungumza nao hadi leo. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda, homoni ya oksitosini, ileile inayomfungamanisha mama na mtoto mchanga, huongezeka kwa wote wawili; nami ninaamini, kwa kuwa ninaiona nafuu hiyo mwilini mwangu. Hata hivyo, dawa sijaziacha, na ninawasihi wenzangu msiziache bila daktari kusema. Vilevile mpelekeni mbwa kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kwani ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua.

Mleta mada, Tabata:
Pole kwa maradhi, ndugu yangu, na ahsante kwa kutueleza wazi. Ningependa sasa kuwasikia wanaoishi vyumba vya kupanga: je, mlizungumzaje na mwenye nyumba hadi akakubali?