Mrejesho: aksolotli wangu wa Tanga kaanza kula

Habari wadau, niliuliza kuhusu aksolotli wangu, yule salamanda wa majini asili yake Meksiko, kagoma kula, matamvua yamejikunja kwa mbele na yameota vitu vyeupe kama pamba. Mliosema nipime joto la maji kwanza kabla ya kukimbilia dawa Mungu awabariki sana, maana maji yalikuwa nyuzi 28 na huyu mnyama anataka 16 mpaka 18, ikizidi 24 anateseka, na joto la hapa Ngamiani mnalijua wenyewe. Basi nikamhamishia kwenye ndoo safi, maji nayalaza usiku kucha klorini itoke, nabadilisha yote kila siku, pembeni chupa ya barafu iliyofungwa vizuri na feni inapuliza juu, joto likashuka taratibu maana ukilishusha ghafla unazidi kumuumiza. Ile pamba ilikuwa fangasi, sasa haipo. Dawa za samaki za dukani msimwage ovyo jamani, ngozi yake inanyonya kila kitu!! Jana kala nyungunyungu mzima, nimefurahi mno. Mwenye mashine ya kupoza maji ya akwariamu, hata ya mtumba, anistue.