Tani 30 za mahindi kutoka Mwanza kwenda Sudan Kusini: zitawafikiaje wenye njaa?

Nafaka_Igoma: Wakuu, heshima kwenu. Tumechanga tani 30 za mahindi, ziko ghalani Igoma, pamoja na magunia 40 ya dagaa wa Mwaloni Kirumba. Tunataka vivuke ziwa hadi Port Bell, Uganda, kisha lori lipite mpaka wa Nimule hadi Juba, wapewe raia waliokimbia mapigano. Tufungashe vipi, na nini kitatukwamisha?

Ghala_Kusini: Mkuu, njia ipo. Mwaka 2018 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilianza tena kuitumia: mabehewa kutoka Dar es Salaam yaliingia meli ya MV Umoja hapo Mwanza na kushukia Port Bell. Ugumu unaanzia Juba. Mvua zikishika, Mei hivi mpaka Oktoba, zaidi ya nusu ya barabara za Sudan Kusini hazipitiki. Chakula cha miezi hiyo kinatakiwa kiwe mapema kwenye maghala ya mbele, karibu na wanaokula. Kikichelewa, zimebaki boti za Nile au ndege za kudondosha, ambako mahindi hutiwa gunia ndani ya gunia ili la ndani likipasuka la nje liyadake. Gharama yake ni mara kadhaa ya lori.

Mahindi yenyewe: unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu (sumu ya ukungu, aflatoksini) isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Pimeni kwa kipimo, msiume punje. Lori likizuiwa wiki tatu juani, turubai limefungwa, mahindi ya unyevu wa 15 yanatoa jasho na magunia ya juu yanaota ukungu. Na kizuizi cha barabarani hakifunguki kwa kibali cha serikali ya Juba pekee. Kila upande wenye silaha njiani uwe umekubali tarehe, namba za magari na aina ya mzigo kabla injini haijawashwa. Azimio 2417 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linalaani kuwanyima raia chakula, lakini kijana mwenye bunduki pale kwenye kamba anamsikiliza kamanda wake.

Lishe_Ziwani: Kwa gramu 400 kwa siku, tani 30 ni watu 2,500 kwa siku 30, na hapo kila mmoja anapata kama kilokalori 1,400 wakati anahitaji 2,100. Bado maharage gramu 60, mafuta 25, chumvi 5. Tena punje nzima inataka mashine ya kusaga. Dizeli ikikosekana, mama analipia usagaji kwa sehemu ya mgao wake, watoto wanalala na kilichobaki. Mkisaga huku, dona haikai miezi mingi kwa sababu ya mafuta ya kiini. Sembe inastahimili zaidi. Mtoto aliyekonda kupita kiasi ugali haumtibu: anapewa pakiti ya gramu 92 ya karanga, maziwa, sukari na mafuta, kilokalori 500, haitaki maji wala moto.

Dagaa waacheni. Waliokaushwa chini wana mchanga na unyevu, safari ya wiki kadhaa ndani ya gunia itawaozesha.

Nafaka_Igoma: Sasa tufanyeje, dada?

Ghala_Kusini: Nijibu mimi. Uzeni hapahapa, fedha mlipe shirika lenye ghala na watu huko tayari. Mzigo wenu ni lori moja, lakini kibali cha kusafirisha nje, cheti cha afya ya mimea na forodha za mipakani ni zilezile za tani 3,000. Mkiamua kupeleka lazima, fukizeni mahindi kwa dawa ya kuua wadudu siku saba kamili chini ya turubai lisilopitisha hewa, kingo zimekandamizwa kwa mifuko ya mchanga. Mkifunua siku ya tatu mayai ya wadudu yanabaki hai, na mkifika Nimule mtakuta unga wa dumuzi, mdudu mtoboa punje, chini ya magunia.