"Affidavit" ni neno la wapi?

Mwana wa Langoni, Lamu: Hati ya shamba la minazi la marehemu babu imeliwa na mchwa, kwa hivyo jana nimeapishwa kwa wakili. Karani kanipa karatasi imeandikwa "affidavit". Nikamwuliza, hiki Kiingereza gani? Akasema lipa kwanza. Jamani, asili yake nini?

Karani Mstaafu, Malindi: Si Kiingereza, mwanangu. Ni Kilatini: "ameapa". Basi! Wanormani walipoiteka Uingereza 1066 walikuja na Kifaransa chao, kikaingia mpaka mahakamani, na Kilatini kikabaki kwenye maandishi. Mwaka 1362 ikatungwa sheria kesi zisemwe kwa Kiingereza, lakini mawakili hawakuachia kirahisi. Kumbukumbu za korti ziliendelea kwa Kilatini hadi 1733.

Ninalolipenda mimi ni "mortgage", Kifaransa cha kale: rehani mfu. Jaji Edward Coke, karne ya 17, alieleza hivi: usipolipa, ardhi imekufa kwako; ukilipa, rehani imekufa kwa aliyekukopesha. Nimezichapa karatasi hizo miaka mingi kabla sijajua nachapa maiti.

Bibi wa Shela: Msiwacheke Waingereza kwa kuazima maneno, nasi pia tumeazima. Wakili, hakimu, kadhi, dhamana, hata hiyo rehani, zote tumezipata kwa Waarabu.

Mwana wa Langoni: Shukrani. Na korti je?

Karani Mstaafu: Kifaransa tena, na Kilatini nyuma yake: ua, uwanja uliozungushiwa. Kwa hivyo umeitwa uani tu, ila huko hutapewa kahawa.