Wale wa mbio za matanga za wikendi, siku gani mlitiwa adabu? Tupeane uzoefu

MkiaWaMsafara
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka majini muda si mrefu, vidole bado vimekakamaa kwa kamba. Leo nimekuwa wa mwisho. Siyo wa mwisho anayefuatana na wenzake, ni yule wa mwisho ambaye boti ya kamati inamngoja yeye tu ili ing'oe nanga. Nilipokata mstari nikapigiwa honi kama wote, na waliokwisha kuteremsha matanga wakanipigia makofi. Sikujua ni ya pongezi au ni ya kushukuru kwamba sasa wanaweza kwenda kwao.

Nikakumbuka msimu wangu wa kwanza. Nilihesabu zile dakika 5 za kabla ya kuanza vizuri, nikakata mstari sekunde ileile honi inalia, mbele yangu maji matupu, hakuna mtu. Nikajiona bingwa. Nilipogeuka nyuma nikaona vyombo vikubwa vinanijia kama ukuta, watu wanapunga mikono, nami nikawapungia. Kumbe honi ilikuwa ya kundi lao. Sisi wadogo zamu yetu ilikuwa dakika 5 baadaye.

Haya, leteni vyenu. Najua mnavyo.

Shetri
Naweka kambi hapa.

BintiDemani
Umenikumbusha mbali mkuu. Mimi nilianza vizuri tu, nafasi ya 3. Chombo kikaanza kuwa kizito. Nikafikiri upepo umeanguka, nikaangalia wengine, wanakwenda. Nikalegeza tanga, nikakaza tanga, nikahamisha uzito, wapi. Mwisho nikamgeukia niliyekuwa naye nikamwambia umenenepa. Yule bwana alikuwa mume wangu.

Maji yalipofika kwenye vifundo vya miguu ndipo akaniuliza kwa upole, "Kizibo cha nyuma ulikifunga?"

Kizibo kilikuwa mfukoni mwangu.

Shetri
😂😂 Ndoa ipo?

BintiDemani
Ipo, ila kila mtu na chombo chake. Tulikaa chombo kimoja misimu miwili na ilitosha. Sasa namshinda kwa amani.

KambaMkononi
Kizibo nakazia. Changu nimekifunga kwa uzi kwenye usukani. Huwezi kuteremsha usukani bila kukigusa.

NambaHazidanganyi
Nyie mnaongelea maji, mimi nilitiwa adabu na karatasi. Nimekata mstari wa kwanza, nimeshangilia, nimepigwa picha. Jioni naambiwa wa 2. Nimemaliza kwa dakika 52 na namba ya chombo changu, ile ya kusawazisha vyombo vya kasi tofauti, ni 1000, nabaki na 52 zangu. Yule bwana kaja nyuma kwa dakika 55, namba yake 1100, wakagawanya wakazidisha, akabaki na 50. Nimeshindwa na mtu ambaye mbio nzima sikumwona!

KambaMkononi
Hukumwona kwa sababu yuko kwenye kigari na wewe uko kwenye farasi. Namba zimewekwa kwa sababu hiyo mkuu. Ukitaka kushindana macho kwa macho nunua chombo kama chake.

NambaHazidanganyi
Kigari gani kinashinda farasi? Halafu wewe mwenyewe namba yako ni ya huruma, kila mtu anajua.

KambaMkononi
Huruma!! Njoo ukiendeshe wewe tukuone.

MkiaWaMsafara
Wakuu, hayo fungueni uzi wenu.

MtuWaWaya
Kisa changu huwa sikisimulii, ila hayo makofi ya mleta uzi yamenifungua mdomo. Kitakuwa kirefu, nivumilieni.

Mimi ni mtu wa mbele, yule anayening'inia kwenye waya mwili mzima ukiwa nje, nyayo tu ndizo zimekanyaga ukingo. Nahodha wangu kazi yake kuona, kazi yangu kuwa uzito. Siku hiyo upepo ulikuwa kama kilomita 40 kwa saa na ulikuja vipande vipande: unapiga, unaacha, unapiga tena ukiwa umehama. Vyombo vitatu vilirudi kabla ya honi. Sisi hatukurudi kwa sababu moja tu, tulikuwa nyuma kwa alama 2 kwa bwana mmoja ambaye kila wiki ama anatushinda ama anatuwekea pingamizi.

Tukiwa tunabisha, yaani tunapanda kinyume cha upepo kwa kwenda upande huu na ule, kwenda boya la kwanza tukakutana naye, njia zetu zinakatana. Tukampita mbele ya omo, pua ya chombo chake, labda urefu wa mkono. Nikasikia "Pingamizi!" kwa sauti ile ninayoijua hata usingizini. Tukamjibu tulivyomjibu. Tukaendelea kujibizana mpaka upepo ukayameza maneno.

Boya la pili ndipo mambo yalipoharibika. Upepo uko mgongoni, inabidi kupindua tanga liende upande wa pili. Asiyejua ajue kwamba ukiwa unabisha, tanga linahama kwa adabu, omo inapita kwenye upepo na wewe unahama nalo. Upepo ukiwa nyuma hakuna adabu. Bumu, ule mti wa chini ya tanga, linakuja kama mlango uliopigwa na dhoruba. Nahodha akasema "napindua", nikainama, likapita juu ya kisogo. Nikarukia upande wa pili, nikatia ndoano ya kiunoni kwenye waya. Niliitia mapema mno. Chombo kilikuwa bado kinageuka, kikatuzidi, mlingoti ukalala majini, nami kabla sijaichomoa ndoano chombo kikaendelea mpaka kikawa tumbo juu.

Kule chini kuna mwanga wa kijani. Kelele zote zinazimika ghafla, kama mtu kafunga redio. Nikajiambia jaketi la kuelea litanitoa. Jaketi ndilo lililonigandisha! Linanisukuma juu kwenye sakafu ya chombo ambayo sasa ni dari, na waya na kamba ya tanga la mbele vimenizunguka kiunoni. Kulikuwa na hewa ya kutia uso tu. Nikavuta pumzi, nikashuka kutafuta ndoano, sikuipata. Nikapanda, nikavuta nyingine, nikashuka. Mara ya tatu nilipopanda hewa ilikuwa imepungua, au mimi ndiye niliyekuwa nahema ovyo, sijui. Kitu cha ajabu nilichowaza ni kwamba gari nimeliacha wazi.

Ndipo nikasikia ngo, ngo, ngo, juu ya kichwa. Mtu anagonga chombo kwa nje, kama mgeni mlangoni. Nikagonga kujibu. Kimya. Kisha mkono ukanishika bega, nikaona kisu, kamba ikalegea, nikavutwa.

Nilipotoa kichwa, ni yule bwana. Alikuwa anaongoza mbio. Alimwachia mwenzake usukani akaruka majini na kisu. Nahodha wangu alikuwa ameng'ang'ania ubao wa chini upande wa pili, anaita jina langu, sauti imekwisha. Bwana yule akaniambia, "Mwenzako mzima," na hakusema kingine mpaka boti ya uokoaji ilipofika.

Jioni nimejifunika taulo mbili, meno bado yanagongana, tunaitwa chumba cha kamati. Kuna pingamizi. La boya la kwanza. Mlalamikaji ni yeye.

Shetri
Wewe!!!

BintiDemani
Nimesoma nikiwa nimeshika pumzi, nimefika mwisho nimecheka mpaka najiona mbaya. Pole sana kaka.

MkiaWaMsafara
Aisee. Huyo bwana kabisha mara tatu siku moja: mchana kabisha upepo, katikati kabisha hodi, jioni kabisha kwenye kamati.

KambaMkononi
😂😂😂 Mleta uzi kwa hili nakupa kikombe.

NambaHazidanganyi
Mimi sicheki. Huo ni moyo gani? Mtu umemtoa mautini halafu unamshtaki na nywele hazijakauka?

UpepoWaKulia
Nimetumiwa huu uzi na mtu. Ni mimi.

Masahihisho mawili. Kwanza, haikuwa urefu wa mkono. Nilisukuma usukani mpaka mwisho kuwakwepa, vinginevyo ningewakata katikati. Pili, mlikuwa na upepo wa kushoto, yaani unawapiga kutoka kushoto. Mwenye upepo wa kushoto anampisha mwenye upepo wa kulia, kanuni ya 10 ya mbio za matanga. Kanuni hiyo haiangalii nani alipinduka baadaye.

MtuWaWaya
Nilijua utakuja. Jina tu ulilojipa linatosha. Mbona hukuonyesha bendera nyekundu?

UpepoWaKulia
Chombo kisichofika mita 6 hakihitaji bendera. Sauti inatosha, na sauti uliisikia, umeandika mwenyewe hapo juu.

NambaHazidanganyi
Ngojeni kwanza. Walipinduka, kwa hiyo hawakumaliza. Asiyemaliza anapewa alama sawa na idadi ya waliojiandikisha jumlisha 1, na kwetu mwenye alama chache ndiye mshindi. Aliyefutwa naye anapewa hivyohivyo. Yaani pingamizi lako halikumwongezea hata alama moja! Ulikuwa unatafuta nini?

UpepoWaKulia
Iandikwe.

Shetri
Iandikwe 😂😂 nakufa mimi

MaliWaZamani
Vijana, mnamfanya bwana huyu shetani au malaika, na yeye ni mshiriki tu aliyefuata kanuni. Kanuni ya kwanza kabisa kitabuni, kabla ya mambo ya kulia na kushoto, inasema kila chombo kitoe msaada wote kinachoweza kwa mtu aliye hatarini. Aliyepoteza nafasi kwa kusaidia anaruhusiwa kuomba afidiwe. Olimpiki ya 1988, mbio za matanga zilikuwa Pusan, Korea Kusini. Lawrence Lemieux wa Kanada alikuwa wa 2 kwenye mbio za Finn, chombo cha mtu mmoja. Akawaona mabaharia wawili wa Singapore, wa darasa la 470, vyombo vya watu wawili, wamepinduka na wameumia. Akaacha njia yake, akawaopoa, akangoja boti ije iwachukue, ndipo akaendelea. Alimaliza wa 22. Majaji wakamrudishia nafasi ya 2 ya mbio zile, na akapewa medali ya Pierre de Coubertin.

BintiDemani
Shikamoo mzee. Hiyo sikuwa naijua. Lakini Lemieux hakuwashtaki wale Wasingapori jioni.

MaliWaZamani
Marahaba. Hawakuwa darasa lake, angewashtaki kwa lipi.

KambaMkononi
UpepoWaKulia, na wewe uliomba fidia?

UpepoWaKulia
Niliomba. Nilipewa wastani wa mbio zangu nyingine.

MtuWaWaya
Na kwa wastani huo akachukua kikombe cha msimu. Semeni na hilo.

MkiaWaMsafara
Kikombe chenyewe cha plastiki.

UpepoWaKulia
Siyo plastiki.

MgeniWaTanga
Samahani wakubwa, mimi ndiyo naanza, nina wiki ya tatu. Nimesoma kisa cha kaka MtuWaWaya usingizi umekwisha. Chombo kikipinduka nifanye nini hasa? Nishikilie au niondoke?

MaliWaZamani
Shikilia, mwanangu. Usiache chombo mpaka chombo kikuache. Mbio za Fastnet za 1979, za bahari kuu kutoka Uingereza, vyombo 303 vilianza, dhoruba ikavikuta njiani, washiriki 15 wakafa. Vyombo 24 viliachwa na watu wake. Vilivyozama ni 5 tu. Hesabu mwenyewe vingapi vilikutwa vinaelea bila mtu.

MtuWaWaya
Mzee kwa heshima zote, hao walikuwa juu ya chombo. Mimi nilikuwa chini yake. Ukiwa chini toka! Zama kidogo, sogea ukingoni, tokea nje. Ukishatoka ndiyo ushikilie.

KambaMkononi
Beba kisu. Chenye ncha butu, usijitoboe. Na kifungwe kwenye jaketi, siyo begini.

NambaHazidanganyi
Kisu kwa mtu wa wiki ya tatu? Atakata tanga. Afunge boya dogo juu ya mlingoti chombo kisigeuke tumbo juu, basi.

UpepoWaKulia
Boya la mlingotini linaongeza uzito juu. Utachelewa.

BintiDemani
Mdogo wangu usimsikilize huyo, funga boya. Sisi wengine tutachelewa nawe. Halafu siku ya upepo mkali siyo lazima upindue tanga upepo ukiwa nyuma. Zunguka upande mwingine kwa kubisha, duara kubwa, aibu kidogo, unafika.

Shetri
Mimi ushauri wangu usitoke kabisa, soma uzi kama mimi.

MgeniWaTanga
Asanteni, ila mmenichanganya zaidi 😅 Kisu nibebe au nisibebe?

MtuWaWaya
Beba. Mimi changu ndicho kile kilichonikata kamba. Alikiacha majini kikielea, mpini wake wa mbao, nikakiokota. Sijakirudisha mpaka leo.

UpepoWaKulia
Najua unacho. Nilinunua kingine wiki ileile.

MkiaWaMsafara
Uzi ulikuwa wa sisi tunaokuja wa mwisho, mmeufanya mahakama. Haya, kesho kuna mbio au hakuna?

KambaMkononi
Zipo. Honi ya kwanza saa 4. Upepo unaongezeka mchana.

NambaHazidanganyi
Nakuja. KambaMkononi jiandae na namba yako ya huruma.

MgeniWaTanga
Nahodha wangu amesema haji kesho. Kuna mwenye nafasi?

UpepoWaKulia
Mwenzangu anaumwa mgongo. Nahitaji mtu wa mbele. Njoo saa 3.

MtuWaWaya
Nenda naye. Atakupigia kelele mpaka masikio yaume, lakini nenda naye.

BintiDemani
Na kizibo.