Mkanda wa jeshi, na Alhamisi naoza dada: nipake nini?

Jahazi_Shela: Salaam aleikum wanajamvi. Tangu juzi usiku nina malengelenge upande mmoja, yanawaka kama nimemwagiwa uji wa moto. Wazee wasema ni mkanda wa jeshi. Alhamisi naoza dada yangu Malindi, mimi ndiye walii. Naomba dawa ya kupaka tu.

Mama_Langoni: Pole. Mimi ulinishika kiunoni 2011, kanga ikigusa nalia. Wakanitisha eti ncha zikikutana mgongoni nakufa, kila alfajiri nikawa najigeuzageuza kiooni. Hazikukutana. Niko hapa nakuna nazi.

Msumari: Walii wa malengelenge! Kadhi atasomea dirishani 😂

Muuguzi_Mstaafu: Yako wapi hasa?

Jahazi_Shela: Upande wa kushoto.

Muuguzi_Mstaafu: Wa nini?

Jahazi_Shela: Kipaji. Na kimoja ncha ya pua. Jicho latoa machozi ila naona vizuri. Mama ashatwanga muarobaini na nauli ya basi nimelipa, kwa hivyo hospitali ni Ijumaa.

Muuguzi_Mstaafu: Ijumaa umechelewa. Ncha ya pua na jicho zinatumia neva moja; kipele pale kinabisha hodi jichoni. Nenda leo. Utaandikiwa asaiklovia ya kumeza, kwa kawaida miligramu 800 mara tano kwa siku, siku 7, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Hesabu tangu juzi usiku. Ni virusi vya tetekuwanga uliyougua utotoni, vilijificha kwenye neva. Muarobaini usisogee jichoni.

Abu_Twaha: Vijana mjichunguze mienendo. Ugonjwa huu twaujua unakotoka.

Muuguzi_Mstaafu: Kupima ukimwi ni vyema, maana kinga ikishuka huzuka. Lakini nimewauguza vikongwe wasiotoka uani.

Paka_wa_Amu: Mimi nanusa kitu. Jicho lawaka, na herufi hata moja haijakosewa? Sasa hivi atatokea mtu "nilipona kwa mzee fulani, piga namba hii". Wa meno alikuja hivi hivi.

Jahazi_Shela: Wallahi si tangazo! Anayeandika ni mke wangu, mimi namtamkia.

Muuguzi_Mstaafu: Yeye alishaugua tetekuwanga?

Jahazi_Shela: Hajui. Ana mimba ya miezi mitano. Lakini wasema mkanda hauambukizi.

Muuguzi_Mstaafu: Mkanda hapati. Maji ya malengelenge ndiyo yaweza kumpa tetekuwanga, na kwa mjamzito si jambo dogo. Yafunike, taulo lako liwe mbali, na umwambie daktari habari yake pia. Kuna kipimo cha damu cha kujua kama ana kinga.

Mama_Langoni: Ito halinunuliwi, mwanangu. Mpe ami yako uwakala, nikahi itapita.

Paka_wa_Amu: Mimi bado naingoja namba.

Jahazi_Shela: sasa naandka mwenyewe bibie anavaa buibui. ami kakubali. ila nauli ya basi huregeshwa?