Nimemwambia mama wa watu apunguze sauti ya simu ndani ya matatu. Nilikosa adabu?

Mrudi_Pwani: Assalaam aleikum wanajukwaa. Naombeni ushauri, usingizi siupati. Nilikuwa Japani kwa masomo, nimerudi juzijuzi. Kule Tokyo mtu haongei na simu ndani ya treni. Ikilia anaizima, au anashuka kituo kinachofuata ndipo apokee. Hata matangazo hupigwa mkiwa safarini, wekeni simu kimya, msizungumze nazo. Kwenye ngazi za umeme kila mtu husimama kulia, kushoto wanaachiwa wenye haraka. Nikazoea.

Sasa jana nimepanda gari kutoka Bamburi kwenda mjini. Tumekwama kwenye foleni Buxton, mbele yangu kuna mama mtu mzima, kapakata kikapu, simu kaiweka spika. Gari zima twamsikia yeye na anayemjibu. Nikamgusa bega: "Mama, samahani, si vizuri kupiga kelele kwenye gari la watu." Akageuka, akaniangalia juu mpaka chini. "Mwanangu, gari hili la babako?" Watu wakaangua kicheko. Mwenye makosa ni nani hapo?

BintiKisauni: Umemgusa bega? Mwanamke usiyemjua? Mengine sikusoma.

Konda_Mstaafu: Mimi nimesimama mlangoni tangu kabla ya sheria za Michuki za 2004, enzi watu waning'inia nje kama popo. Kijana, wasema kelele? Wanafunzi walikuwa waliacha gari zima tupu lisilo na muziki, wasubiri lenye muziki ingawa limejaa. Adabu ya matatu naijua mimi: ukiingia toa salamu, nauli ya mwenzio ipitishe mbele, chenji yake irudi kamili, na ukikaribia kushuka sema mapema, usingoje gari limepita ndio upige bodi kama polisi. Simu haimo. Kuna abiria alinisahaulia jogoo mzima chini ya kiti, nikakaa naye wiki, akawa awika kila tukifika Kongowea. Mwenyewe hakurudi.

Pweza_wa_Nazi: Mlimla?

Konda_Mstaafu: Swali gani hilo.

Shangazi_Deira: Nimefanya kazi Dubai, nawaambia ushauri hausaidii, dawa ni faini. Metro ya kule behewa la wanawake na watoto lina mstari wa waridi chini. Mwanamume akiuvuka, dirham 100. Kula humo ndani, dirham 100. Hata chingamu! Singapore nao doriani haliingii treni, wameweka na picha yake imekatwa mstari. Hapa kwetu mtu yuapanda na ng'onda wa papa, dirisha kalifunga, na wewe umwambie nini?

Mzee_Kibokoni: Mkubwa hakosolewi mbele za watu. Ulitaka kumwambia, ungengoja ashuke, umpokee kikapu, umwambie kwa upole. Vijana mwasoma ng'ambo mwarudi na elimu, adabu mmeiacha uwanja wa ndege.

Mrudi_Pwani: Mzee, nilisema samahani. Na hoja yangu ni ya haki.

BintiKisauni: Hebu kwanza. Mama usiyemjua, mmeachana kila mtu na njia yake. Usingizi wakukosesha nini? Kuna jambo hujalisema.

Mrudi_Pwani: Hakuna jambo.

BintiKisauni: Haya, lala basi.

Mrudi_Pwani: Sawa. Kwenye simu alikuwa apanga chakula cha wageni, mchele kilo ngapi, mbuzi wachinjwe wapi. Baada ya kunijibu vile akaendelea na simu yake, na akamtaja binti yake kwa jina. Ni jina la mchumba wangu. Nikamwangalia vizuri, ndiye kabisa, nilikuwa nimemwona kwenye picha tu. Wazee wangu wapeleka posa Ijumaa.

Lakini nishachukua hatua. Nimemwomba mshenga asogeze mbele mpaka mwezi ujao, nami nafuga ndevu. Binti sijamwambia, sioni haja ya kumtia wasiwasi.

Pweza_wa_Nazi: Ndevu 😂😂😂 nimemwaga chai.

Mzee_Kibokoni: Tangu lini posa ikasogezwa na watu wameshaagiza mbuzi? Na kwani wewe Ijumaa waenda kufanya nini? Bwana haendi kwenye posa, waenda wazee. Waache waende. Wewe fikiria mkaja wa huyo mama, uwe mnono.

Baharia_Kilindini: Ngojeni. Tokyo watu husimama kushoto kwenye ngazi. Kulia ni Osaka. Na Nagoya tangu 2023 kuna kanuni kabisa, hakuna kutembea, wote msimame. Mimi nimeteremka Yokohama na Kobe na meli, miguu yangu yazijua ngazi hizo. Huyu hajafika Tokyo. Uzi wa kutunga.

Pweza_wa_Nazi: Nilihisi! Mama mkwe ataje jina la binti kwa spika, na mkwe yuko kiti cha nyuma?

Shangazi_Deira: Nami nimeandika yote yale kwa ajili ya ngano.

Mrudi_Pwani: Nilikaa Osaka! Nimesema Tokyo kwa sababu nikisema Osaka naulizwa iko nchi gani.

Baharia_Kilindini: Treni gani wapanda?

Mrudi_Pwani: Midosuji, mpaka Umeda. Lina behewa la wanawake peke yao, siku za kazi kutwa nzima. Nilipofika niliingia humo bila kujua. Hakuna aliyenifukuza wala kunitamkia neno. Waliangalia simu zao, mmoja akanitupia jicho, akatazama alama iliyobandikwa dirishani, nikaelewa nikashuka.

Baharia_Kilindini: Mh. Umeda umepata. Lakini bado Tokyo ulidanganya.

BintiKisauni: Nimekuamini sasa, na ndio umeniudhi zaidi. Hao Wajapani unaowasifu, umekosea kwao wakakunyamazia. Umekuja kwenu, mama mtu mzima umemgusa bega mbele ya abiria kumi na tatu. Hiyo adabu uliyorudi nayo ni ya nani?

Mrudi_Pwani: Hiyo ni mada nyingine. Nimeuliza kuhusu Ijumaa.

BintiKisauni: Ijumaa wazee waende kama alivyosema Mzee. Na mpigie binti sasa hivi, kabla mamake hajamhadithia.

Mrudi_Pwani: Yeye mwenyewe yuanipigia tangu asubuhi. Sijapokea, niko ndani ya gari.

Konda_Mstaafu: Shuka hapo Kengeleni, pana kivuli.