Viraka vya draiva mnavikatakata, halafu mnalia kerneli haivipokei

Wakuu, hili la viraka (mabadiliko ya msimbo yanayotumwa kwa barua pepe) vinavyopita kwa wasimamizi watatu wanne wa kerneli (kiini) ya Linux limekuwa kero, na leo simpaki mtu mafuta.

Chukua chipu ya kawaida ya kudhibiti umeme, PMIC. Viraka 6: cha 1 ni maelezo ya kifaa yanayokaa Documentation/devicetree/bindings, cha 2 ni draiva mama ya MFD (kifaa chenye kazi nyingi) pamoja na heda yake (faili la matamko) ndani ya include/linux/mfd/, cha 3 regyuleta ya volteji, cha 4 GPIO (pini za ishara), cha 5 RTC (saa ya kifaa), cha 6 DTS (faili linaloorodhesha vifaa) ya ubao. Sasa mtu anaendesha get_maintainer.pl (skripti inayotaja wasimamizi husika) kwa kila kiraka kivyake na kumtumia kila msimamizi kipande chake tu. Wa RTC anapata 5/6, hana 0/6 (barua ya utangulizi) wala 2/6. Akague nini hapo? Wote wapate mfululizo mzima, na barua ya 0/6 iseme wazi nani anaombwa achukue kipi.

Wasimamizi nanyi msijifiche. Unachomoa 3/6 katikati, unajibu "nimekichukua", basi. Kconfig (faili la chaguo za ujenzi) ikisema `depends on MFD_FOO` na alama hiyo haimo kwenye mti wako (hazina yako ya msimbo), draiva haijengwi kabisa: ujenzi wa majaribio wa allmodconfig unapita safi, nawe unaamini kazi imeisha. Ikisema `depends on MFD_FOO || COMPILE_TEST`, hapo inajengwa kweli hata bila MFD_FOO, inatafuta heda ambayo bado iko kwa mwenzako, inagoma. Roboti za kujenga zinamwaga barua za makosa, na baadaye anayehangaika na git bisect (kusaka badiliko lililoleta kosa) anaangukia komiti isiyojengeka, hajui hata kosa ni la nani.

Dawa inajulikana miaka yote, uvivu tu. Wa MFD akusanye Acked-by (idhini) za wenzake, aweke viraka 1 hadi 5 kwenye tawi lisilobadilishwa lililoanzia rc1 (toleo la kwanza la majaribio), alitie tegi yenye saini, kisha awatumie wengine ombi la kuvuta. Kila anayelihitaji anavuta komiti zile zile, heshi zile zile. Likishatangazwa, hakuna rebase (kuziandika komiti upya)! Na msituambie cherry-pick (kunakili komiti moja) ni sawa tu: heshi inabadilika, badiliko moja linaingia kwa milango miwili, mmoja akigusa mistari ile ile baadaye, linux-next (mti unaojaribu kuunganisha kazi ya wote) inagongana. DTS iende kwa mti wa SoC (chipu kuu ya ubao), haina haja ya kupanda gari moja na draiva.

Halafu muda. Dirisha la kuunganisha (muda wa kupokea mabadiliko mapya) ni wiki 2, ndipo rc1 inatoka, kisha rc moja kila wiki hadi rc7 au rc8. Mfululizo wa mifumo minne ukitumwa rc7, huo ni wa toleo lijalo, hata ukiwa msafi namna gani. Kutuma v2, v3 na v4 ndani ya siku moja, Reviewed-by (saini za waliokagua) za watu zimedondoshwa, na chini ya mstari wa `---` (mahali pa maelezo yasiyoingia kwenye komiti) hakuna neno kuhusu kilichobadilika, ni kuwafanya wakaguzi vibarua wako.

Wenye mifululizo iliyokwama sasa hivi: msirushe toleo jipya lisilo na badiliko. Kama wiki imepita kimya na dirisha halijafunguliwa, jibuni kwenye 0/6 ile ile, wasimamizi wote wakiwemo, mkiuliza swali moja: nani anafungua tawi, na juu ya rc ipi?